Nyumba ya kutunzia wazee: nikague nini kabla ya kumwacha mama?

Binti_Tudor
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama ana miaka 78, kiharusi kimemshika upande wa kushoto, hawezi kujigeuza kitandani na maji humpalia. Tunatafuta nyumba ya kutunzia wazee huku huku Mombasa. Tulizozitembelea ni safi, zanukia, lakini naogopa usafi wa sebuleni usinipumbaze. Niangalie nini hasa?

Muuguzi_wa_Zamu
Waaleikum salaam dada. Anza na usiku. Uliza: saa nane za usiku wahudumu wangapi wako macho, na wazee wasiojigeuza ni wangapi? Kisha piga hesabu. Mzee kama mama yetu hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na ni kazi ya watu wawili. Mmoja peke yake humburura, na kuburura ndiko kunakochubua ngozi. Kumgeuza, kubadilisha pampasi, kumkagua na kupanga mito: hesabu dakika 10. Wazee 10 ni dakika 100, na mzunguko mwingine unaanza dakika ya 120. Nyumba yenye wazee hao na mhudumu mmoja usiku haigeuzi mtu, hata karatasi ya saa za kugeuza ikiwa na alama kila mstari. Mhudumu simlaumu, ni aliyepanga zamu.

Tazama pia wanavyomlaza. Akilazwa ubavu kabisa, uzito wote huangukia mfupa wa nyonga. Wamwinamishe nyuzi 30 tu: mto mgongoni, mwingine baina ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu mpaka visigino vikae hewani, karatasi ipite chini yake bila kugusa. Pete za mpira za kukalia wasimwekee, hukatiza damu pembeni.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu mapema. Gusa juu ya mfupa wa mkia kwa mgongo wa mkono. Pakiwa pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au tepetepe, au rangi imeiva zaidi, kidonda kimeshaanza ingawa hapajachubuka. Hapo hapasuguliwi, anaondolewa uzito tu. Nyumba inayomzuia binti kumkagua mamake mgongo na makalio, usimwache mama hapo.

Fundi_Vifaa
Wakikwambia "tuna godoro la hewa", usitosheke. Mzee akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro hilo, usawa wa makalio. Ukihisi mfupa, au hewa iliyobaki haifiki unene wa sentimita 2.5, ni kama amelazwa juu ya mbao. Mara nyingi pampu imewekewa uzito usio wake, au mpira wa kupitisha hewa umejikunja chini ya kitanda, au stima imepotea. Uliza jenereta huwashwa na nani usiku, na kama mpira una kifuniko cha kuzuia hewa isitoke pampu ikizima. Shuka iwe moja. Nailoni na mablanketi juu ya godoro hilo huondoa faida yake yote, na kwa joto la Februari mzee hulowa jasho.

Tena maji: wakimwogesha kwa maji ya kisima yenye chumvi, wamsuuze kwa maji ya mfereji na kumkausha kwa kugusagusa, bila kusugua.

Binti_Tudor
Ahsanteni sana. Na dawa je? Anameza za presha na anachomwa insulini. Nitajuaje kama anapewa?

Mfamasia_Pwani
Hesabu vidonge, dada. Ukipeleka 60 vya kumeza viwili kwa siku, baada ya siku 12 vibaki 36. Ukikuta 44, dozi 8 hazikumezwa, saini za wahudumu kwenye karatasi ya dawa ziseme zitakavyosema. Saini nazo zitazame: wino ule ule na mkono ule ule wiki nzima, mchana na usiku, karatasi hiyo imejazwa kwa kikao kimoja.

Kwa kuwa humpalia, watataka kumpondea vidonge. Vilivyoandikwa SR, XL au retard visipondwe kamwe. Vimetengenezwa viyeyuke polepole; ukiviponda, dozi ya siku nzima huingia kwa mkupuo na presha yaweza kushuka ghafla. Daktari ambadilishie.

Insulini isiyofunguliwa hukaa frijini, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, ikiganda hutupwa. Iliyofunguliwa waiandike tarehe. Chumba cha Mombasa mwezi wa Machi hupita nyuzi 30 mchana, kwa hiyo nayo irudi frijini. Na ile ya kuchomwa kabla ya kula asichomwe chakula kikiwa bado jikoni: akikohoa na kukataa kula, sukari itashuka.

Muuguzi_wa_Zamu
Naongeza la kupaliwa, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Nenda saa ya chakula bila kupiga simu. Akae wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko cha chai, upande wa kulia wenye nguvu, na ameze kabla ya kijiko kingine. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji, wasite. Akimaliza abaki wima dakika 30, na asafishwe kinywa, hasa shavu la kushoto. Wali hujificha hapo bila yeye kuhisi. Apimwe uzito kila mwezi: wa kilo 60 akipungua 3 kwa mwezi mmoja, aitwe daktari.

Siku ya kwanza mlishe wewe, mhudumu atakayemshika atazame. Mlo wa pili alishe yeye, wewe utazame.