Wajukuu wa Mwalimu – Urambo

Mama Tumaini 06:12
Mwangaluka wana wa ukoo. Wakubwa shikamooni. Kamati ya historia ya ushirika wetu wa Moravian inataka karatasi yetu Ijumaa jioni, na leo ni Jumatano. Ujumbe huu niliutuma Jumapili, mmeusoma, tiki za buluu nimeziona. Nani anaandika habari za babu yetu Mwalimu?

Mama Tumaini 06:48
Nasubiri.

Elia 07:55
Shikamoo shangazi. Niko shamba, mtandao unasumbua. Tunaanzia 1898 kama kawaida?

Baba Neema 08:03
1898 ni pale Wamoravian walipopokea kazi kutoka kwa wamisionari wa London. Injili ilishafika. Daktari Southon alikuja Urambo 1879, Mtemi Mirambo mwenyewe akampokea. Tukianzia 1898 tunafuta karibu miaka 20.

Elia 08:06
Lakini hakukaa, mjomba.

Baba Neema 08:09
Alikufa 1882, risasi ya bahati mbaya ilimwingia mkononi. Mirambo akafuata Desemba 1884. Wenzake daktari waliendelea. Waumini walikuwa wa kuhesabika, lakini kazi ilikuwepo.

Rehema 08:15
Naomba kuuliza, siku ya kukutana michembe itakuwepo? 😂

Baba Furaha 08:16
Na karanga!

Rehema 08:16
Karanga za Urambo zilimshinda Mwingereza na matrekta yake enzi za ukoloni, wewe utaziweza?

Baba Furaha 08:17
😂😂 Mimi nina meno, yeye alikuwa na matrekta tu

Elia 08:19
Asali naleta mimi.

Mama Tumaini 08:31
Jamani. IJUMAA.

Shangazi Dodoma 13:20
Nimesoma sasa hivi. Mimi siandiki neno mpaka picha ya babu irudi. Ilitolewa ukutani kwa mama ikasemwa inakwenda kunakiliwa. Kijitabu kikatoka, picha haimo, jina halimo. Wazungu wameandikwa mmoja mmoja. Babu yetu yumo kwenye "na wengineo".

Mama Tumaini 13:24
Dada, yale yalishapita.

Shangazi Dodoma 13:26
Yalipita kwako. Hukuwepo siku mama anakisoma. Alifika mwisho akarudi mwanzo, akifuata kwa kidole, anatafuta jina la baba yake. Akauliza kama kuna kurasa zimedondoka.

Elia 13:40
Sikuwahi kusikia hili.

Baba Neema 13:52
Ndiyo maana safari hii tuandike wenyewe. Askofu Kisanji ana chuo kikuu Mbeya chenye jina lake, hatapotea. Watakaopotea ni walimu wa vijijini.

Rehema 14:05
Elia asali ya kopo au ya chupa?

Mama Tumaini 14:06
Rehema!

Mjomba Mzee 17:38
Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote.
1879 iwemo na 1898 iwemo, msigombane. Mimi nawauliza habari ya vita. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Wamisionari wetu walikuwa Wajerumani, wakachukuliwa. Baba alisimulia kuwa watu walikuja Jumapili hawajui nani atasimama mbele. Mchungaji hakuna, Meza ya Bwana hakuna. Walimu wenyeji wakasimama na kitabu cha nyimbo, na akina mama wakawafundisha watoto sala majumbani. Kama wangerudi makwao siku ile, leo msingekuwa na ushirika wa kuandikia historia. Ukurasa wa kwanza muwape hao.
Jina la baba lisiandikwe peke yake. Nendeni kwenye nyumba za wenzake mkaulize majina yao. Usoke mwende, Kaliua mwende.
Habari ya picha isisemwe tena humu. Aliye nayo ananisikia.

Baba Neema 17:59
Tumesikia, mjomba. Mwanakondoo wetu ameshinda.

Shangazi Dodoma 18:04
Tumfuate.
Marahaba ya mama yangu naidai hapohapo, mjomba. Nitaandika habari za akina mama. Picha sisemi.

*Baba Furaha ametoka kwenye kikundi*

Elia 18:20
Mh.

*Mama Tumaini amemwongeza Baba Furaha*

Mama Tumaini 18:26
Hakuna anayetoka. Elia, Usoke ni wako.

Elia 18:41
Pikipiki iko kwa fundi, shangazi. Ikitoka kesho nakwenda, isipotoka labda Jumamosi.

Mama Tumaini 18:43
Jumamosi ni baada ya Ijumaa!

Mama Tumaini 19:10
Nimempigia katibu wa kamati. Amesema Jumatatu inawezekana, ila hajaahidi. Kaliua nani anakwenda?

Rehema 19:32
Mimi nina nauli ya kwenda tu.

Mama Tumaini 19:33
Ya kurudi nitatuma. Andika majina kwenye daftari, si kwenye simu.

Baba Furaha 21:47
Mjomba shikamoo. Nitakuja kwako Jumapili baada ya ibada.

Mama Tumaini 21:50
Baba Neema, ya vita unaandika wewe? Umesoma. Jibu.