Tupeane uzoefu: Uliyeajiriwa kupitia wakala, mkononi unaondoka na kiasi gani, na mwajiri wako ni nani?

Mdau wa Tabata

Wadau salaam. Naomba tuwe na uzi wetu sisi tunaofanya kazi kwenye kampuni moja huku tukilipwa na kampuni nyingine. Kaunta za benki, huduma kwa wateja za simu, malindo, viwanda, usafi wa maofisi. Sare unavaa ya kampuni kubwa na wateja wanakujua kwa jina la hiyo kampuni, lakini siku ukidai chochote unaambiwa nenda kwa wakala.

Kila mtu aseme analipwa kiasi gani, mkataba kasaini na nani, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inaingia au haiingii, na ilikuwaje siku alipodai. Majina ya kampuni tuyaache.

Naanza. Nipo kaunta ya benki, mkataba wangu ni wa wakala. Mwaka 2023 nilikuwa napokea 380,000 kabla ya makato. Mwenzangu wa dirisha la pili, ajira ya benki yenyewe, kazi ileile, alikuwa anapata zaidi ya mara mbili. Nikatafuta Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, ile iliyoanza Januari 2023. Taasisi za fedha: 592,000. Biashara na viwanda: 150,000. Nikaipeleka kwa wakala. Jibu: "Nyie si wafanyakazi wa benki, nyie ni wa kampuni ya huduma." Yaani nahesabu pesa za benki kutwa nzima, zikipungua nalipa mimi, halafu kwenye mshahara nahesabiwa sekta nyingine. Amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha viwango, lakini sisi tumepandishiwa kwa sekta ya wakala. Ndiyo maana nauliza: kima chako kinafuata kazi unayofanya, au jina la aliyesaini mkataba?

Lindo la Usiku

Mkuu, huku kwetu ni kilio. Mimi ni mlinzi. Amri ya 2022 iliweka walinzi wa kampuni kubwa 222,000 na wa kampuni ndogo 148,000. Kampuni yetu ina malindo mikoa kadhaa lakini sisi tulilipwa 148,000.

Hilo tuliweke kando, twende kwenye saa. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Toa saa moja ya kula, ambayo kiukweli lindoni haipo, zinabaki saa 66 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45. Kwa hiyo kila wiki nina saa 21 za ziada, kwa wiki nne ni 84, na sheria hiyohiyo inasema za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne.

Sasa tupige hesabu. Saa za kawaida za mwezi, kwa 45 kila wiki, ni kama 195. 148,000 gawa kwa 195 unapata shilingi 759 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 1,138. Zidisha kwa 84: zaidi ya 95,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara wangu, kila wiki nne, na sijawahi kuiona. Kuna na asilimia 5 ya kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ni shilingi 38 tu kwa saa, ila hata hizo hazijawahi kuandikwa kwenye hati yangu ya mshahara.

Nilipouliza, msimamizi akasema mteja ndiye hataki kulipia saa za ziada. Nikamuuliza mteja, akasema yeye analipia "lindo", halipii mtu.

Afisa Mstaafu wa Ajira

Lindo la Usiku, hilo la kulipia lindo ni kweli kabisa, na mimi naweza kueleza maana nilikuwa upande wa pili. Nimefanya kazi kwa wakala wa ajira hapa Dar, kazi yangu kutafuta watu, kuwasaili, kuandaa mikataba na ankara za wateja.

Ankara inakwenda hivi. Mfanyakazi ana mshahara wa 400,000. Mteja anaongezewa NSSF ya mwajiri asilimia 10, ambayo ni 40,000. Tozo ya kuendeleza ujuzi asilimia 3.5, ni 14,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5, ni 2,000. Jumla 456,000. Juu yake ndiyo inakaa ada ya wakala, kisha VAT. Pesa za michango yenu mteja anakuwa amekwishazilipa! NSSF yako ikikosekana, usikubali kuambiwa mteja hajaleta hela. Omba taarifa ya michango NSSF, angalia miezi yote.

Tatizo linaanzia kwenye zabuni. Mawakala wanashindana kushusha ada mpaka haitoshi hata kodi ya ofisi. Anayeshinda lazima apate faida mahali, basi anaipata kwenye likizo zenu, saa zenu za ziada na michango yenu inayocheleweshwa.

Na sisi maafisa msidhani tulikuwa tunakula raha. Mshahara wa msingi mdogo, halafu kamisheni kwa kila mtu aliyepokelewa na mteja. Mtu akiacha kazi ndani ya miezi mitatu, kamisheni inakatwa kwako. Ndiyo maana afisa anakusifia kazi ambayo anajua fika huwezi kukaa. Wengi wetu tulikuwa kwenye mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na likizo ya siku 28 tulikuwa tunaisikia tu kwenye semina tulizowaendeshea wengine. Iliniuma sana.

Deiwaka Vingunguti

Kiwandani hamna hati ya mshahara. Jina linaandikwa getini, jioni unapewa chako, aliyekuleta anatoa cha kwake kwanza. NSSF sijui hata inafananaje.

Mzee wa 2014

Vijana, wengi humu hamkuwepo. Mwaka 2014 zilitoka kanuni za mawakala binafsi wa ajira, chini ya ile Sheria ya Huduma za Ukuzaji Ajira ya 1999. Wakala akatakiwa abaki kuunganisha mtu na kazi, asiwe yeye mwajiri, na asimtoze hela mtafuta kazi. Nilikuwa kampuni moja ya simu kupitia wakala. Tulihamishiwa kwenye kampuni, bima ya afya tukaipata na mshahara ukapanda. Wenzetu wa kampuni ya jirani hawakuhamishwa. Wakala wao alibadilisha maelezo tu, akasema haajirishi watu, anatoa huduma. Kuanzia hapo kila mtu akawa "mtoa huduma". Mdau wa Tabata, hiyo kampuni yako ya huduma imezaliwa hapo.

Mama Wawili

Mimi nilipelekwa Muscat, Oman, kazi za ndani. Mkataba niliosaini Dar na niliokuta kule havikulingana, mshahara ulipungua na pasipoti ikachukuliwa. Wakala wa hapa aliacha kupokea simu. Kabla ya kuondoka alikuwa amenichukulia hela ya "usajili". Mzee, kumbe hata hiyo haikuwa halali.

Mdau wa Tabata

Pole sana dada. Hilo linastahili uzi wake kamili, tafadhali ufungue, wengi wanajiandaa kuondoka bila kujua.

Jirani wa Umoja

Habari zenu, natoka Nairobi. Hilo swali la mwajiri ni nani, hapa limefika kortini. Wasimamizi wa maudhui ya Facebook waliajiriwa na kampuni ya huduma iitwayo Sama, na Meta, wenye Facebook, ikasema wao si watu wake na haina ofisi Kenya. Februari 2023 korti ya kazi ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa. Ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa rufaa yake. Kushtakiwa si kushindwa, lakini mlango uko wazi.

Binti wa Simu

Jamani samahani, naomba msaada wenu. Nipo huduma kwa wateja, mkataba wa wakala wa mwezi mmoja mmoja tangu mwaka juzi. Nilipoanza kuonekana mjamzito nikapewa barua kwamba mkataba hautaendelea. Wakala anasema kampuni ndiyo haikunirudisha kwenye orodha. Kampuni wanasema hawanijui.

Afisa Mstaafu wa Ajira

Dada, barua ina tarehe gani?

Binti wa Simu

Tarehe 9 mwezi uliopita.

Afisa Mstaafu wa Ajira

Basi siku zimebaki chache mno. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapokelewa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30, ukipitisha unaanza kuomba kibali cha kuchelewa. Na kumwachisha mtu kwa sababu ya ujauzito kumekatazwa kabisa na sheria. Kesho asubuhi nenda ofisi ya CMA, hailipiwi. Chukua Fomu Namba 1, andika majina ya wote wawili, wakala na kampuni, usichague mmoja. Kila mmoja mpelekee nakala na akugongee mhuri wa kupokea. Beba mikataba yote, hati za mshahara na kitambulisho. Kama una ratiba ya shifti, au ujumbe wa simu ambao msimamizi wa kampuni anakupangia kazi, chapisha. Hiyo ndiyo itakayowanyima nafasi ya kusema hawakujui.

Binti wa Simu

Ratiba ninazo zote, zina jina la msimamizi. Asubuhi naenda.