Kikundi cha Ukoo wa Majengo: Nia ya Mwanaisha Kugombea Uwakilishi Wadi

Mwanaisha: Assalamu alaikum wazee wangu na ndugu zangu. Kabla habari hii haijawafikia kutoka kwa watu wa nje, nimeona niwaambie mwenyewe kwamba nimenuia kugombea uwakilishi wa wadi ya Majengo, hapa Mombasa, katika uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, nami nitasimama kama mgombea huru. Mtaa wetu unajengwa upya tukiutazama, lakini waliozaliwa humu ndio wanaohamia Kisauni kwa kuwa kodi imewashinda. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Mjomba Athumani: Waalaikumu salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu akujaalie kheri. Hata hivyo, usije ukapanda jukwaani ukawaahidi watu kwamba utashusha kodi ya nyumba, maana hilo halimo mikononi mwa mwakilishi wadi. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ni ya Bunge la Taifa, na ulinzi wake unaishia kwenye nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni wangapi hapa Majengo wanaopanga kwa bei hiyo siku hizi?

Mwanaisha: Umesema kweli, mjomba, na sitaahidi hilo. Nitaomba kura kwa mambo ambayo Jedwali la Nne la Katiba limeyakabidhi kaunti, yaani mipango ya ardhi na makazi, maji na maji taka, masoko, na leseni za biashara. Mwakilishi wadi hupigia kura Mswada wa Fedha wa kaunti kila mwaka, ambao ndio unaopanga ada anazotozwa mama lishe na mwenye duka. Kibali cha ujenzi hutolewa na idara ya kaunti, lakini bunge la kaunti lina mamlaka ya kumwita waziri husika aeleze ni kwa nini jengo limeruhusiwa mahali ambapo bomba halitoshi.

Wifi Saumu: Hapo kwenye bomba umenigusa, wifi yangu. Tangu wapangaji waingie kwenye ghorofa lililo nyuma yetu, mfereji wetu hutoa upepo mchana kutwa, na maji huja usiku wa manane kama yatakuja. Kisima cha uani ni cha chumvi. Kinafaa kufulia, lakini huwezi kukandia unga wa mahamri. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla sijabandika mbaazi motoni, nanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni, na fedha hizo natoa katika mtaji ule ule wa unga, nazi na mafuta. Watu huzungumzia kodi ya chumba tu, ilhali mimi hujikuta nalipia maji kana kwamba ni kodi ya pili.

Hamisi: Dada, mimi ni fundi mwashi, na hayo maghorofa ndiyo yanayonilisha mimi na wanangu. Tangu reli ya SGR ianze mwaka 2017 na makontena yakaanza kupandishwa garimoshi kwenda bara, vijana wengi wa Changamwe na Jomvu waliotegemea malori wamekosa kazi, na baadhi yao sasa wananibebea saruji. Ukijulikana kuwa mgombea wa kuzuia ujenzi, utapoteza kura zetu sote.

Mwanaisha: Siukatai ujenzi, Hamisi. Mji usiojenga huzidisha uhaba wa vyumba, na uhaba ndio unaopandisha kodi. Ninachokidai ni kwamba jengo lisiruhusiwe kabla haijathibitishwa litapata wapi maji na maji taka yake yatakwenda wapi. Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka nje ya kaunti, Mzima kule Taita Taveta, Marere na Tiwi kule Kwale, na Baricho kule Kilifi. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati ikibomolewa, kisha familia nyingi zikapangwa juu ya kiwanja kile kile, bomba la zamani haliongezeki upana.

Bi Mkubwa Fatma: Wanangu, mbona hamjaitaja nyumba bila ardhi? Marehemu babu yenu aliijenga nyumba hii kwa mikono yake, lakini kiwanja ni cha watu, na mpaka leo tunalipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ni yetu na ardhi si yetu, wala hakuna benki inayokubali dhamana ya namna hiyo. Siku mwenye ardhi atakapouza, tutaambiwa tukusanye mabati yetu tuondoke.

Mwanaisha: Nitapeleka mswada wa kuitaka kaunti imsikilize mwenye nyumba kabla ya kutoa kibali cha kujenga kwenye kiwanja chenye nyumba yake.

Mjomba Athumani: Mwenye ardhi naye atakwenda mahakamani na Kifungu cha 40 cha Katiba mkononi, kwa kuwa kinalinda mali yake. Mtafute wakili mapema aukague mswada huo. Jambo jingine: mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Je, umejitoa chamani kwa maandishi?

Mwanaisha: Barua nimeiandika, mjomba, na kesho nitaipeleka nikagongewe muhuri.

Swaleh: Nami nakuunga mkono kwa moyo wote, dada, ila jina langu halitakufaa, kwa sababu tulipohamia Mshomoroni nilihamisha na kura yangu. Wako majirani wengi wa zamani walio katika hali hiyo hiyo, kwa hiyo msihesabu majina kabla ya kuuliza kila mtu anapigia kura wapi.

Hamisi: Nitaanza na mafundi wa Majengo, na kila mmoja nitamwambia aje na kitambulisho.

Wifi Saumu: Karatasi za sahihi niletewe nyumbani, nitawapa wateja wangu wa asubuhi.