Gemu ya kucheza peke yangu, vampaya mwenyewe kalala kwenye jeneza, intaneti ya nini?

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira kwaiyo mnivumilie kama maneno yataparuza. Mods nawaomba huu uzi msiuunganishe na ule wa bando, bando ninalo, tatizo langu ni gemu ya mtu mmoja inayodai intaneti muda wote.

Niko Mwanza, Kirumba, kule juu kwenye mawe. Mchana ni fundi simu, nashinda nimeinama kwenye meza na mashine ya hewa ya moto mpaka shingo inakaza, nikifika home nimekula nimeoga ndo nawasha laptopu. Sinywi, mpira siangalii sana, hii ndo starehe yangu. Na kwenye gemu zote mi napenda zile za kunyata, zile ambazo ukikimbia umekufa, ukifyatua risasi umekufa, inabidi utulie usikilize. Hizo za vita za kupiga kelele nimewaachia wengine.

Sasa mwezi uliopita nikanunua hii ya kuwinda vampaya. Jina silitaji uzi usije ukafutwa, ila wanaoicheza wameshajua. Elfu 78 nimelipa kwa ile kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu, GB 58 nimezishusha kwa bando la usiku siku nne, yaani naweka alamu saa 6 naamka naanzisha, saa 11 alfajiri naamka tena nasimamisha kabla bando halijaisha muda. Nimeitafuta hii gemu kwa jasho, msidhani nalalamikia kitu cha bure.

Na niseme ukweli, gemu ni kali. Ndo maana inauma. Kijiji kimoja tu cha milimani, baridi, watu wanakwisha mmoja mmoja, na wewe huna bunduki, una vigingi vitatu vya mti, kitunguu saumu, na kioo kidogo cha mkononi. Kioo ndo kila kitu. Unakichungulizia kwenye kona ya ukuta, binadamu anaonekana kwenye kioo, vampaya haonekani, kwaiyo unachotafuta si mtu, unatafuta kitu kinachosogea chenyewe. Pazia limepeperuka na dirisha limefungwa. Mshumaa umeinama na hakuna upepo. Ukiumia damu inadondoka na yeye anaifuata harufu, inabidi ujifunge kitambaa, ujipake saumu, ujifiche kabatini ushike kitufe cha kubana pumzi mpaka dole gumba lipate ganzi.

Mi nimekulia kwa bibi Sengerema, na bibi alikuwa anatutishia mumiani ili tusizurure jioni. Wazee wa huku wanazo hizo habari nyingi, enzi za mkoloni watu walikuwa wanakimbia hata gari la zimamoto wakiamini ndo la wanyonya damu. Kwaiyo hii gemu ilinigusa sehemu ambayo gemu za mazombi hazijawahi kunigusa. Ile hofu ya kusikia hatua nje ya nyumba na kuzima koroboi naijua, nilikuwa nayo na miaka saba.

Haya, Jumamosi.

Nilikuwa nimefika kwa yule mama mkubwa wa vampaya, wanaocheza mnamjua, anayelala chini ya kanisa. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, kesho yake hakuna shule, nikamruhusu akae. Tukagawana kazi, mi nashika padi, yeye anaangalia kioo tu. Hatuongei, tunanong'ona, na hiyo si kwa sababu gemu inasikia, ni kwa sababu ukiingia mule unajikuta unanong'ona tu. Kuzima mishumaa ya ngazi zile nilitumia nusu saa, unaibana kwa vidole mmoja mmoja, ukiipuliza anasikia. Kabatini nimekaa dakika 11. Kwenye tundu la ufunguo huoni kitu zaidi ya sakafu na pindo la gauni lake linaburuzika, linapita, linasimama, linarudi. Dogo akasema kwa sauti ya chini kabisa "kaka, kiti kimesogea" na kweli kimesogea, nikasubiri tena. Akarudi kulala. Nikashuka. Kigingi cha kwanza kikakwama kwenye mbao ya jeneza, cha pili kikamgusa bega akaanza kuamka, cha tatu kikaingia. Akawa majivu. Wakuu dogo aliruka akapiga kichwa kwenye rafu.

Kilichobaki ni kutoka nje mpaka kwenye geti la kanisa, kengele ya alfajiri igonge, gemu isevu. Sekunde labda 40 za kutembea.

Radi ikapiga ziwani. Mnaokaa huku mnajua zile radi za usiku wa manane, mvua inaanzia kule kati ziwani inakuja na upepo. Umeme ukakata mtaa mzima. Laptopu ina betri, haikuzima. Rauta nimeifunga kwenye pawabenki, haikuzima. Mimi upande wangu nilishajipanga zamani, msije mkaniambia ninunue sijui nini. Kilichoyumba ni mnara, mtandao ukapotea sekunde tatu nne hivi ukarudi. Sekunde tatu. Gemu ikanitoa. Maandishi meupe kwenye giza kwamba muunganisho umepotea, nikarudishwa menyu kuu.

Nikaingia tena haraka. Niko kwenye geti la kijiji, jioni ya jana yake. Sawa, nimekufa moyo ila nitarudia. Nafungua mkoba, vigingi sifuri. Nashuka chini ya kanisa, mama mzima, na hajalala, yuko macho anazunguka. Yaani vigingi vyangu vitatu seva, ile kompyuta yao ya mbali inayotunza sevu, ilivikata palepale nilipovitumia, lakini kifo cha vampaya inasubiri kengele ndo ikiandike. Matumizi yameandikwa, kazi haijaandikwa. Na fundi seremala anayechonga vigingi huyo mama alishamuua kwenye hadithi usiku wa nyuma, kwaiyo vigingi vingine havipatikani popote, na kumuua kwa njia nyingine hakuna. Sevu yangu imekwama hapo milele. Masaa 31. Kuna nafasi moja tu ya sevu na iko kwao, kwangu hakuna faili hata moja, nimetafuta folda zote.

Mi ni fundi, natengeneza vitu vya watu kila siku. Mteja akiniletea simu nikaiharibu naomba radhi nalipa. Sijawahi kumwambia mteja simu yako imekufa kwa sababu kwenu kuna radi.

Maana hilo ndo jibu nililopewa! Nimewaandikia waliotengeneza gemu, nimeambatanisha picha, nimeeleza kwa Kiingereza changu vizuri kabisa hatua kwa hatua mpaka na jinsi ya kuirekebisha, kwamba vigingi na kifo viandikwe pamoja. Siku sita kimya. Ya saba wakajibu kwamba wanashauri nitumie intaneti ya waya iliyo imara na nichague seva iliyo karibu na mimi. Seva zenyewe ziko tatu kwenye orodha, Ulaya, Marekani, Asia. Ya karibu ni ipi hapo? Data ikitoka kwangu inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar kabla haijagusa hata bahari, afu ndo iingie kwenye nyaya za chini ya bahari ipande Ulaya irudi. Na zile nyaya zinakatika, Mei 12 mwaka 2024 EASSy na Seacom zilikatika siku moja, nchi nzima ikawa inasuasua, mnakumbuka. Siku kama ile mtu aliyelipa elfu 78 hawezi kuwinda vampaya aliyeko ndani ya laptopu yake mwenyewe. Hela yangu duka limekataa kurudisha, wanasema nimeshacheza zaidi ya masaa mawili. Masaa mawili ya mwanzo kwenye hii gemu hujamuona hata huyo vampaya, unakusanya saumu na kusikiliza wanakijiji.

Kuna jamaa mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp kaniambia ndo dunia ya sasa, gemu zote ziko hivyo. Si kweli na naomba hii mnisikilize vizuri. Redfall, nayo gemu ya kuwinda vampaya, ilitoka Mei 2 2023 ikidai intaneti hata ukicheza peke yako, watu wakapiga kelele. Mwaka uliofuata Microsoft wakatangaza kuifunga studio iliyoitengeneza, Arkane Austin, na wale wafanyakazi kabla hawajaondoka wakatoa apdeti ya mwisho, Mei 30 2024, ikaweka uwezo wa kucheza bila mtandao. Watu wanaofukuzwa kazi waliweza. Kwaiyo mtu asiniambie haiwezekani, inawezekana, ni kuamua tu.

Na wasipoamua ndo yanakuwa yale ya The Crew. Gemu ya magari, imetoka 2014, Ubisoft wakazima seva Machi 31 2024, na hata aliyekuwa anacheza peke yake hana tena gemu. Ile harakati ya Stop Killing Games, ya kudai gemu zilizouzwa zisiuawe, ilianzia hapo, mwaka 2025 sahihi za wananchi wa Ulaya zikapita milioni moja. California wakatunga sheria, duka haliruhusiwi tena kukuandikia nunua bila kukuambia wazi kwamba unachopata ni leseni. Sisi huku nani anatusemea? Sisi ndo tunalipa bei ileile ya dola, kwa kadi ya kuungaunga, kwa bando la kuamka usiku, halafu tunapewa gemu iliyotengenezwa kwa mtu ambaye umeme kwake haukatiki na mtandao haupepesuki.

Mi nimeanza gemu Mabatini kwenye kibanda, tivi ya chogo, PS2 ina vumbi, unalipa unacheza. Mwenye kibanda alikuwa na memori kadi moja ya MB 8 imefungwa na rababendi, imepita kwenye mikono ya watoto wa mtaa mzima. Umeme ulikuwa unakatika mara ngapi? Ukirudi unawasha, unakuta ulipoishia. Ulichosevu kipo. Kadi ya MB 8 iliyolowa jasho la watoto ilikuwa inaheshimu kazi ya mtu kuliko hizo seva zao.

Kinachoniuma sio elfu 78 peke yake. Dogo tangu Jumamosi hajauliza tena habari ya gemu. Alikuwa ameshachora ramani ya lile kanisa kwenye daftari, kila ngazi na kila ubao unaolia, kaziwekea alama kwa kalamu nyekundu. Kazi kama ile mtoto kaifanya kwa moyo, halafu mtu asiyemjua kaifuta kwa sababu ya sekunde tatu.

Naomba wenye kujua wanisaidie mambo haya. Kuna aliyewahi kufanikiwa kurudishiwa hela akiwa Tanzania baada ya kukataliwa mara ya kwanza, alipitia wapi, benki ya kadi au dukani kwenyewe? Na kuna aliyekwama kwa yule mama bila vigingi kama mimi akapata pa kutokea? Walioko Bukoba, Musoma, Kigoma pia semeni kama kwenu inawatoa hivihivi, maana nataka niwarudishie ile barua nikiwa na watu wengi nyuma yangu wasione ni radi ya Kirumba tu. Wekeni siku, saa, na picha ya maandishi yale meupe.

Wanaokuja kuniambia ni gemu tu, nakala yangu ya elfu 78 iko wapi? Jibuni hilo kwanza.

NYONGEZA, saa 8 usiku: Mkuu hapo juu uliyesema nijaribu kubadilisha seva kwenda Asia, nimejaribu. Imenikubalia, ila inachelewa, nikibonyeza kubana pumzi inakuja baadaye kidogo, na kidogo hicho ndo kifo. Mkoba bado sifuri.

NYONGEZA ya pili: Wametoa apdeti leo, GB 6. Nimeishusha yote kwa matumaini. Wameongeza nguo mpya za mwindaji, zinauzwa dola 5. Dogo kaamka kunywa maji kanikuta, kauliza kama wamemrekebisha yule mama. Nimemwambia bado.