Bunduki ya maji ya mtoto: nifunge kichupa cha gesi?

Baba_Katindo (Goma)
Jambo zenu wakubwa. Mwezi ujao mwanangu anatimiza miaka tisa, na kwetu siku ya kuzaliwa lazima mtu aloweshwe. Nilimnunulia bunduki ya maji pale Birere, ile ya kusukumasukuma kwa mkono. Inarusha mita nne, tena ikipenda. Sasa ninavyo vichupa vitano vya chuma vya gesi kaboniki, gramu 16 kila kimoja, aliniachia mgeni aliyekuwa anajazia mipira ya baiskeli. Mawazo yangu: nitoboe tangi, nibandike kichwa cha kuunganishia kwa epoksi, nifungue. Itafika mita kumi? Mama yake hajui bado. Yeye kilio chake ni maji ya kununua kwa bidoni.

Fundi_Frigo (Himbi)
Papa, weka kwanza hiyo epoksi chini. Kazi yangu ni frigo, gesi ndani ya mrija ndiyo inanilisha, na kovu ninalo kwenye kidole gumba.

Ndani ya kichupa hicho gesi imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika. Siku ya nyuzi 20 inasukuma kwa bar 57 hivi (bar ni kipimo cha presha). Tangi lako ni vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa. Piga hesabu: gramu 16 zikitoka zote ni lita 8 na nusu za gesi. Tangi la lita moja ukilijaza maji nusu, umebaki na nafasi ya nusu lita. Hiyo ni kama bar 17. Chupa ya soda, ambayo ni imara kuliko kichezeo chochote, hupasuka kwenye bar 10 hivi. Na akija mtu kukushauri mrija wa PVC, mkatalie: ukipasuka na hewa unatoa vigae.

Faida yenyewe iko wapi? Ukizidisha presha mara mbili, mbio ya maji inaongezeka mara 1.4 tu. Kwa bar 3, kwa hesabu, maji yanatoka mita 24 kwa sekunde. Hayo tayari usimpige nayo mtoto machoni.

Fanya hivi. Chupa ya soda ya lita 2, si ya maji, ile ni laini. Kata valvu kwenye mpira mbovu wa baiskeli, ipitishe kwenye kifuniko kutoka ndani, kaza nati. Tundu la pili lipitishe mrija mgumu hadi kwenye robine (koki) ndogo. Kwanza ijaribu ikiwa imejaa maji mpaka juu kabisa, pampu hadi bar 5. Maji hayashindiliki, ikipasuka inamwagika tu. Kisha tumia bar 3, mdomo wa chupa ukitazama chini. Maji yasizidi theluthi: ukijaza nusu, mwishoni presha imeshuka hadi bar 1 na mruko unalegea.

Hata Lonnie Johnson, injinia Mmarekani aliyebuni bunduki ya maji ya Super Soaker, hakuhitaji kichupa cha gesi. Wazo lilimjia 1982 akijaribu pampu ya joto inayotumia maji, na bunduki yake ikashindilia hewa kwa mkono.

Dada_wa_Majengo
Lakini gesi kaboniki si ndiyo ile ya mazuku, inayotoka ardhini na kuua? Mbuzi wa jirani alilala bondeni hakuamka.

Fundi_Frigo
Ni hiyo hiyo, dada. Ni nzito kuliko hewa, inatuama mashimoni. Lakini mazuku inatoka ardhini bila kukoma. Lita nane uani haziui mtu. Usifungulie tu ndani ya chumba kidogo. Woga wangu mimi ni plastiki kuruka usoni. Na papa, hicho kitu kipake rangi ya machungwa. Mji huu wetu, chochote chenye sura ya bunduki kisionekane barabarani.

Baba_Katindo
Aksanti sana fundi. Kifuniko cha kwanza kilivuja, nikaongeza kipande cha mpira chini ya nati. Bar 3, nimepima kwa hatua: kumi na moja. Hakifanani na bunduki tena, kinafanana na mtungi wa kupulizia dawa nyanya. Vichupa nimevirudisha kwenye mfuko wa baiskeli. Mama yake alikuja kugombana juu ya maji, akaomba ajaribu mara moja. Sasa anasema siku yenyewe robine ataishika yeye.