Nani bado anachora mabango kwa mkono hapa Mbeya?

Msusi_Uyole
Habarini wakuu, natafuta fundi wa kuchora bango kwa brashi, sio la kuprinti, ni la saluni yangu hapa Uyole njia ya Tukuyu. Mwaka jana nilikuwa Kumasi kule Ghana, aisee pembeni ya barabara mabango ni mengi mpaka macho yanachoka, huku tangazo la simu, kule mchungaji na mkewe wakubwa kuliko nyumba, halafu bango la msiba kabisa, picha ya marehemu na tarehe ya mazishi, la kwanza kuliona nilishtuka. Ila nilichopenda ni vibao vya vinyozi, vichwa vimechorwa kwa mkono kila kimoja na mtindo wake, mteja ananyoosha kidole tu. Nimerudi huku kuanzia Kabwe mpaka Mwanjelwa naona fleksi tupu, yale mabango ya plastiki ya kuprinti, sura za wadada wa kwenye intaneti. Mi nataka sura za wateja wangu.

Mzee_Brashi
Binti yangu nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, nilianza na kuandika ubavuni mwa malori. Fleksi ilitunyang'anya wateja kwa sababu ya muda, mtu anapeleka picha asubuhi jioni anabeba bango lake, mimi rangi ya mafuta kwa baridi ya mwezi wa saba naisubiri ikauke siku tatu. Ila fleksi upepo unaichana, na jua linakula wekundu kwanza, baada ya muda sura zote zinabaki bluu. Chukua bati bapa, nitalipiga rangi ya kuzuia kutu kwanza. Njoo inbox.

kijana wa Ilomba
Dada umenigusa, kule Ghana miaka ya 80 kuna watu walizunguka na jenereta, tv na deki kuonyesha filamu vijijini, matangazo yao yakachorwa kwa mkono kwenye magunia ya unga yaliyofunguliwa na kushonwa pamoja. Na hapo Kumasi mtaa wa Suame ndiko alikojengea jina Kwame Akoto, wanamwita Almighty God, alianza na vibao vya biashara hivyohivyo na picha zake zimeonyeshwa mpaka Ulaya. Huku vibanda vyetu vya video tuliishia kuandika chaki kwenye ubao.

Nsalaga_1
Kabla hujachimbia nguzo pima kwanza dada, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu sheria ya 2007, zamani ilikuwa 22.5, na hii barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi inaanzia hapohapo kwenu. La kwangu liling'olewa, hela ya nguzo na ya fundi ikaenda, iliniuma sana. Bora uchore ukutani, na ada kaulize halmashauri.

Msusi_Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana. Mzee shikamoo, basi tuchore ukutani, nimeshakuandikia inbox. Wa kwanza kuchorwa ni bibi mmoja wa Igawilo, kila Ijumaa anakuja nimsuke mtindo wa twende kilioni, nimemwambia leo kacheka mpaka machozi.