Mgeni kaniambia "you are very curious", kanisifia au kaniita mbea?

nahodha_wa_kapripointi:
Wadau habari za jioni. Mi naendesha boti ndogo hapa Mwanza, napeleka wageni kisiwa cha Saanane na kuwazungusha karibu na lile jiwe la Bismarck. Juzi nimembeba mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, kazi yake kupiga picha ndege, na mi kukaa kimya siwezi basi nikawa namuuliza tu, huyu ndege kwenu anaitwaje, hiyo kamera inavuta mpaka wapi, ziwa la kwenu likiganda samaki wanaenda wapi. Mwisho kacheka akasema "you are very curious". Na mi nikacheka, si unajua tena. Usiku nafungua kamusi ya simu inaniletea dadisi, pekuzi na -a ajabu. Sa nishike lipi hapo? Mdogo wangu wa form three ndo kanimaliza, eti umeitwa mbea kistaarabu. Na yale maduka ya vinyago yanayoandikwa curio shop, ni neno hilohilo? Kesho kutwa namchukua tena huyo mama.

mzee_wa_makoroboi:
Mbea wewe 😂 mtu kalipia kuona ndege we unamhoji kama kashikwa mpakani

mwalimu_mstaafu_igoma:
Mwangaluka ngosha, usimsikilize huyo hapo juu. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na neno hili nalipenda. Asili yake ni Kilatini, cura, yaani uangalizi, kujali kitu. Curiosus alikuwa mtu anayejali sana, asiyeacha kitu bila kukiangalia vizuri, ila hata Warumi wenyewe walishalitumia vibaya, kwa mtu anayejipenyeza kwenye mambo yasiyomhusu, na mwishoni mwa dola lao kulikuwa na maofisa wa kukagua usafiri wa posta ya serikali wakiitwa curiosi, na kazi yao ilikuwa na ushushushu ndani yake. Kwahiyo sifa na tusi vimekaa nyumba moja toka zamani. Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa miaka ya 1300 na wakaja kulitumia mpaka kwa vitu, kitu curious ni kile kilichotengenezwa kwa ufundi na uangalifu mkubwa. Kufika miaka ya 1700 ndo likapata ile maana ya kitu cha ajabu kinachokufanya usimame ukitazame, na hapo ndo utapata curio ya duka la vinyago, ni curiosity imekatwa mkia.

Angetaka kukuita mbea angesema nosy, hilo linatoka kwenye pua. Sisi mbea tunamlaumu mdomo, wenzetu wanalaumu pua 😄

dada_wa_kucha_rangi:
Mwalimu shikamoo, sa hiyo cura ndo ya manikyua na pedikyua??

mwalimu_mstaafu_igoma:
Marahaba binti. Ndo hiyohiyo, manicure ni uangalizi wa mikono, pedicure wa miguu. Na cure ya kutibu, na secure ambayo ukiivunja ni "bila wasiwasi", na accurate, kazi iliyofanywa kwa uangalifu. Yule anayetunza vitu pale makumbusho ya Bujora kwa Kiingereza ni curator, yumo ukoo huohuo.

dada_wa_kucha_rangi:
Kumbe nasomea Kilatini kazini na sijui 😂😂 kuanzia leo bei imepanda

mkerewe_halisi:
Na care je mwalimu, ile ya kujali, si ndo cura hiyo imebadilika kidogo

mwalimu_mstaafu_igoma:
Wengi wanadhani hivo, hapana. Care imetoka kwenye lugha ya kale iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, na mwanzo ilimaanisha huzuni, majonzi. Zimefanana tu kama watu wawili wasio ndugu. Ila zimekutana kwenye methali, Waingereza wanasema curiosity imemuua paka, lakini zamani ilikuwa care ndo inamuua, yaani wasiwasi, ipo kwenye tamthilia ya Ben Jonson ya 1598. Udadisi ukaja kubebeshwa kesi karne ya 19 huko.

mzee_wa_makoroboi:
Haya nimeshindwa. Ila hata sisi tuna bata, ukimchunguza sana humli. Kwetu mwaloni, sokoni kwa samaki, badala ya bata weka samaki kamongo hapo

mkerewe_halisi:
Basi na kile kigari cha NASA kilichotua Mars Agosti 2012 kinaitwa Curiosity, jina lilipendekezwa na binti wa miaka 12 wa Kansas kwenye shindano la insha. Sidhani walikiita Umbea 😂

nahodha_wa_kapripointi:
Nimerudi wadau. Leo nimembeba tena, na ye ndo kaniuliza mpaka koo limekauka, kwanini dagaa mnavua usiku, zile taa ziwani za nini, kwanini mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, nikamweleza dagaa wanafuata mwanga sa mwezi ukimulika ziwa zima taa yako nani ataifuata. Anaandika tu kwenye daftari. Nikamwambia mama you are very curious, kacheka mpaka kofia ikaangukia majini, nimeiopoa na kasia. Kanilipa na ya soda juu.

Ila kaniachia deni. Yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani palepale kabla ya kujitosa, anataka jina lake kwa Kisukuma na Kikerewe, na mi hata la Kisukuma limenitoka. Mkerewe upo?

mkerewe_halisi:
Nipo, ngoja nimpigie bibi